Mtama wa Kongwa na mifuko sita ya urea

Swali limetoka kwa mama anayelima mtama wilayani Kongwa, mkoa wa Dodoma. Barua yake ilikuwa ndefu kidogo, nimeifupisha hivi:

"Shikamoo bwana shamba. Nina ekari sita za mtama, mbegu ni Macia, nafasi sentimita 90 kwa 30, miche miwili kila shimo. Mwaka mzuri napata gunia tano kwa ekari, mwaka mbaya mbili. Nilijiandikisha mbolea ya ruzuku, nimepata mifuko sita ya urea. Dukani wameniambia nipande nayo, mfuko mmoja ekari moja. Wazee wa hapa wananikataza. Wanasema mbolea ya dukani inaunguza mtama mvua ikikatika, na ardhi ukishaionjesha haizai tena bila hiyo. Mume wangu anataka tuipeleke yote kwenye mahindi ya bondeni. Nimsikilize nani?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu, maelezo yatafuata. Usipande nayo. Iweke ndani mpaka mtama wako ufikishe wiki ya nne au ya tano tangu kuota, kisha uitazame mvua ndipo uamue. Mvua ikiwa imekaa vizuri, weka nusu mfuko kwa ekari, umefukiwa. Mvua ikiwa mbaya, usiweke kitu, na mfuko utabaki wako hadi mwakani.

Wazee usiwadharau, maana wamekiona kitu cha kweli kwa macho yao. Pale wanapoeleza sababu ndipo nitakapotofautiana nao.

Mbolea "kuunguza" mtama ni mambo matatu yaliyopewa jina moja. La kwanza ni mbegu kufia ardhini. Urea ikikaa shimo moja na mbegu, hugeuka haraka kuwa amonia, na amonia huua kijichipukizi kabla hakijatoka. Ushauri wa "panda nayo" unaleta hasara hii hata mvua ikiwa nzuri. La pili ni majani kuungua pale chembe za mbolea zinaporushwa na kuangukia kwenye kikonyo cha mtama, pale majani machanga yanapotokea. Hilo ni baya kwa macho, lakini mara nyingi mmea hupona.

La tatu ndilo wazee wanalolisema hasa. Mtama uliolishwa mapema nitrojeni nyingi, yaani kile chakula cha mmea kilichomo kwenye urea, hunawiri. Majani yanakuwa mapana, ya kijani iliyoiva, shamba linapendeza mpaka jirani anasimama barabarani kulitazama. Majani hayo yote yanakunywa maji. Likija jua la Februari, lile la wiki mbili tatu ambalo Dodoma tunalijua, shamba lililonawiri linakuwa limekwisha kumaliza akiba ya udongo, na mtama unakauka suke likiwa bado tumboni. Jirani yake, mwembamba wa rangi ya njano, amekunywa kidogo kidogo na bado ana tone la kumfikisha kwenye kuchanua. Kwa hiyo mzee anapoona shamba lenye mbolea limekauka na lisilo na mbolea limesimama, hakudanganyika. Kiini cha hasara hiyo ni nitrojeni kufika mapema mno na kwa wingi mno. Hiyo hiyo ikifika wakati wake, kwa kiasi kinacholingana na maji yaliyopo, haileti balaa hilo.

Hili nimejifunza kwa uchungu. Nikiwa kijana kazini niliwashauri wakulima wa kijiji kimoja waweke mbolea yote mwanzoni, kama kitabu cha mahindi ya nyanda za juu kilivyosema. Mvua ilikata mapema. Walikuwa wamekopa ili kununua mifuko ile. Tangu siku hiyo simpi mkulima wa nchi kavu kiasi cha mbolea kabla ya kumuuliza mvua imenyesha vipi.

Sasa utajiuliza, kama nitrojeni ni hatari hivyo, si bora kuiacha kabisa? Hapana, na hapa ndipo siwaungi mkono wazee. Mama, gunia zako tano za mwaka mzuri hazikukwama hapo kwa kukosa maji tu. Kongwa na sehemu kubwa ya Dodoma hupata wastani wa milimita 500 hadi 600 kwa msimu, kuanzia Desemba mpaka Aprili. Maji hayo yakiingia ardhini yanaweza kubeba zaidi ya gunia tano. Huko Mali, miaka ya 1970 mwishoni, watafiti wa Uholanzi na wa Mali walichunguza malisho ya ukanda wa Saheli wakakuta kwamba kuanzia mvua ya milimita 300 hivi kwenda juu, kinachozuia majani kukua zaidi ni upungufu wa nitrojeni na fosforasi, kuliko upungufu wa maji. Watu wengi hawakuamini. Nchi inaonekana kame, halafu unaambiwa ina njaa kuliko kiu. Lakini ndivyo ilivyo katika mashamba mengi yetu ya udongo mwekundu wa kichanga: mwaka mzuri maji yanapita chini ya mizizi bila kutumika, kwa kuwa mmea hauna nguvu ya kuyatumia.

Tupige hesabu ya nitrojeni inayotoka shambani kwako. Punje za mtama zina nitrojeni kama asilimia 1.7 ya uzito wake. Gunia tano za kilo 100 ni kilo 500, kwa hiyo kilo 8 na nusu za nitrojeni zinakwenda nyumbani au sokoni kutoka kila ekari. Mabua nayo yana yake, na kama ng'ombe wa kijiji wanayala kisha wanakwenda kulala kwenye zizi la mtu mwingine, hizo pia umezitoa. Unafanya hivyo kila mwaka, na unarudisha nini? Ndiyo maana lile neno la "ardhi haizai tena bila mbolea" linanisikitisha. Ardhi haizoei mbolea kama mtu anavyozoea tumbaku. Ilikuwa imekwisha kuchoka kabla ya mbolea kuja. Ukionja mavuno ya gunia nane kisha mwaka unaofuata ukaacha mbolea, utarudi kwenye tano zako za zamani, na zitaonekana chache kwa sababu jicho limeshaona nane. Kuna ukweli mmoja tu ndani ya hofu hiyo: urea na hasa SA (mbolea ya salfeti ya amonia), zikitumiwa miaka mingi peke yake bila samadi, huongeza tindikali kwenye udongo wa kichanga, na mavuno makubwa humaliza fosforasi na potashi haraka zaidi. Samadi ndiyo tiba yake, na Dodoma haina upungufu wa mifugo.

Kwa nini wiki ya nne au ya tano? Sababu ni mbili na zote zinanipendeza kuzieleza.

Ya kwanza iko ardhini. Udongo uliokaa mkavu miezi saba, ukilowa kwa mvua ya kwanza, hutoa nitrojeni yake mwenyewe kwa kishindo. Vijidudu vya udongo huamka, huoza vilivyokufa, na chakula hufumuka kwa siku chache. Jambo hili lilielezwa kwa kina mwaka 1958 na mtafiti H. F. Birch aliyekuwa akifanya kazi Muguga, karibu na Nairobi, na mpaka leo wanasayansi wa udongo duniani hulitaja kwa jina lake. Maana yake kwako ni kwamba mche wa mtama unapoota una akiba ya asili inayoutosha wiki za mwanzo, ilimradi umepanda mapema na magugu hayakuutangulia. Ukiongeza urea wakati huo unamwaga chai kwenye kikombe kilichojaa, na mvua kubwa ya Desemba inaipeleka chini kusikofikiwa na mizizi michanga.

Ya pili iko ndani ya shina. Siku 30 hadi 35 baada ya kuota, mtama ukiwa na majani saba au nane yaliyofunguka, ncha ya kukua iliyo ndani ya shina huacha kutengeneza majani na kuanza kutengeneza suke. Chukua mche mmoja, upasue kwa wembe kuanzia chini, utaiona: kitu kidogo kama kichwa cha pini. Tangu hapo mpaka kuchanua, mmea unaamua suke litakuwa na punje ngapi. Mmea wenye njaa katika wiki hizo huamua punje chache, na baadaye hakuna mbolea wala mvua inayoweza kuziongeza. Pia ni katika kipindi hicho mtama unakula kwa kasi. Ukifika kuchanua umekwisha kuchukua zaidi ya theluthi mbili ya nitrojeni yote utakayoihitaji maisha yake. Kwa hiyo kuweka wiki ya nne au ya tano si kuchelewa. Unaifikisha mezani watu wakiwa wanakaa kula.

Na kuna faida ya tatu, ambayo kwa mkulima wa mvua za Dodoma naiona kubwa kuliko zote. Wakati huo unakuwa umeshajua mambo ambayo siku ya kupanda hukuyajua: miche mingapi imeota, mvua ilianza lini, na udongo una akiba gani.

Akiba ya udongo usiikadirie kwa kutazama juu. Tafuta nondo ya milimita 10, urefu wa mita moja, ncha yake iwe butu. Siku mbili baada ya mvua ichomeke shambani kwa kuisukuma kwa mikono, bila kupiga nyundo. Penye unyevu inashuka, ikifika pakavu inagoma. Jaribu sehemu kumi za kila shamba, maana mteremko na kichuguu hudanganya. Udongo wa tifutifu kichanga kama wenu hubeba takriban milimita 100 za maji yanayotumika na mmea kwa kila mita ya kina. Nondo ikizama shibiri tatu, sawa na sentimita 60 na ushee, una akiba ya milimita 60 hivi. Mtama mkubwa wakati wa kuchanua hunywa milimita 6 au 7 kwa siku. Akiba hiyo ni siku tisa. Ni kidogo, lakini pamoja na mvua mbili tatu zijazo ni msingi wa kuanzia.

Kwa hiyo mimi ningeamua hivi. Nondo ikizama shibiri tatu au zaidi na miche ikiwa imejaa, weka nusu mfuko kwa ekari bila woga. Ikigomea shibiri moja na nusu, subiri wiki moja, upime tena. Unaweza kusubiri hadi siku ya 45 au 50, mradi mtama haujabeba mimba. Ukishabeba mimba, yaani suke limevimba ndani ya ala ya jani la mwisho, na mvua haijarudi, msimu huo urea isitoke ndani. Na shamba ambalo miche imeota nusu tu lisipewe kiasi cha shamba lililojaa.

Ule mfuko mzima kwa ekari si kosa kwa kila mahali. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni, kwa kuwa asilimia 46 ya urea ni nitrojeni. Katika msimu wa mvua ya kawaida, kilo moja ya nitrojeni iliyowekwa vizuri hurudisha kilo 10 hadi 20 za punje za mtama. Lakini kilo za mwanzo hurudisha zaidi kuliko za mwisho, na mvua ikikosekana zile za mwisho hazirudishi chochote. Nusu mfuko ni kilo 11 na nusu za nitrojeni: tegemea gunia moja hadi mbili za ziada kwa ekari. Hesabu ya pesa ifanye mwenyewe kwa bei za kwenu. Tuseme, kwa mfano tu, mfuko umekugharimu shilingi 70,000 na mtama unauzwa 700 kwa kilo. Nitrojeni ni 70,000 kugawa kwa 23, yaani kama 3,040 kwa kilo, ambayo ni thamani ya kilo nne na ushee za mtama. Ukirudishiwa 10, umepata. Mtama ukishuka hadi 300 kwa kilo, kilo hiyo moja inadai zaidi ya kilo 10 za mtama, na hapo ningesita.

Kiasi kidogo namna hii si kitu nilichobuni mimi. Zimbabwe, ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya nchi kavu, na washirika wake waliwapa wakulima wa maeneo makavu takriban kilo 17 za nitrojeni kwa hekta, ambayo ni kama kilo 7 kwa ekari, wakapima kwa kizibo cha chupa, na mavuno ya nafaka yalipanda kwa asilimia 30 hadi 50 katika mashamba mengi sana, misimu tofauti. Wewe unaweka kidogo zaidi ya hapo.

Kuweka kwenyewe ndiko kunakoharibiwa na wengi. Palilia kwanza, punguzia miche ibaki miwili kwa shimo, maana ukiweka mbolea kwenye magugu umelisha magugu. Kwa nafasi yako ekari ina mashimo kama 15,000. Kizibo cha soda kilichosawazishwa hubeba gramu 4 hadi 5 za urea. Kizibo kimoja kwa mashimo matatu kinakupa kilo 20 hadi 25 kwa ekari, yaani nusu mfuko. Usiniamini kwa kizibo changu: pima vizibo mia moja kwenye mzani wa dukani, ujue chako. Fukua kishimo kifupi cha kina cha kidole, upana wa kiganja kutoka shina, upande wa juu wa mteremko, weka, fukia hapo hapo. Udongo uwe na unyevu. Urea iliyoachwa juu ya udongo wenye unyevu na joto hugeuka amonia na kupaa hewani; ukisikia harufu kali puani ujue pesa yako inaondoka, wakati mwingine hadi theluthi yake. Kufukia ekari moja ni kazi ya watu wawili kwa siku nzima, najua, lakini kurusha kwa mkono ni kurusha shilingi.

Kabla hujafungua mfuko, tazama majani. Njaa ya nitrojeni huanza majani ya chini, njano inatokea nchani na kushuka katikati ya jani kama mkuki. Miche michanga ikiwa ya zambarau na imedumaa, hapo fosforasi ndiyo iliyopungua na urea peke yake haitafanya kitu. Mwakani panda na kiganja cha samadi iliyooza kila shimo, au DAP kidogo, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, iliyotengwa na mbegu. Jani likijikunja kama sigara mchana na kufunguka asubuhi, ni kiu, na mbolea haitibu kiu.

Kuhusu kiu: bado kuna jirani zako wanaoberega, wanakwangua juu na kupanda kwenye udongo mgumu, kisha mvua ya saa moja inakimbilia korongoni. Kama nawe unafanya hivyo, sehemu ya mifuko hii sita ni afadhali ungeibadilisha kwa siku za kukatua na kutengeneza matuta yaliyofungwa, yale yenye vizuizi vidogo kila mita mbili ili maji yatulie. Nitrojeni bila maji ya kutulia ni nusu ya kazi, na kwa shamba la mteremko ningeanza na matuta mwaka huu, urea mwaka ujao.

Hukutaja kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mtama, lakini nauliza. Ukiona vijimaua vyekundu, vya zambarau au vya waridi chini ya mtama uliodumaa, ndicho. Kiduha hushamiri kwenye ardhi yenye njaa, kwa kuwa mizizi ya mtama wenye njaa hutoa kwa wingi kemikali zinazoamsha mbegu za kiduha. Nitrojeni hupunguza mwito huo, ila haiumalizi. Hapo badilisha mbegu: Hakika na Wahi zililetwa nchini kwa ajili hiyo hasa, zikitokana na kazi ya Gebisa Ejeta, Mwethiopia aliyepewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2009. Kunde au karanga msimu mmoja kati ya mitatu pia husaidia, na huacha nitrojeni kidogo kwa mtama unaofuata.

Sasa mumeo. Hajakosea. Mahindi ya bondeni yana maji, na mahindi yenye maji hulipa urea vizuri. Mgawane: mifuko mitatu bondeni, mitatu kwenye ekari sita za mtama kwa masharti ya nondo. Nondo ikikataa, mnazo mitatu ya kuweka. Na kwenye mtama acha mistari mitano katikati ya shamba bila mbolea kabisa, iwekee vijiti, uivune na kuipima peke yake pamoja na mistari mitano ya jirani yake. Waite wale wazee siku ya kupima. Mzani wa shamba lako mwenyewe utawajibu kuliko mimi.

Jambo la mwisho linahusu ng'ombe, na nakuomba ulizingatie. Mtama mchanga, mtama uliokaushwa na jua kabla ya kukomaa, na machipukizi yanayotoka kwenye visiki baada ya kuvuna, vyote hubeba sumu ya sayanidi, na nitrojeni huiongeza. Ng'ombe mwenye njaa akiingia humo anaweza kufa ndani ya saa moja. Shamba lenye mbolea likikauka njiani, usiwaachie mifugo siku hiyo. Kata, anika mpaka mabua yakauke kabisa, na hata hapo wape kidogo wakiwa wameshakula kitu kingine, kwa kuwa nitreti iliyojikusanya kwenye bua haiondoki kwa kuanikwa. Mifuko itakayobaki ifunge vizuri isivute unyevu, iinue kutoka sakafuni kwa mbao, uiweke chumba chenye kufuli. Ng'ombe huvutiwa kulamba urea kama chumvi, na viganja vichache tu vinatosha kumuua.